KABLA YA KUINGIA CHEMBA YA OKSIJENI, TUULIZE BILI

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, kuna tangazo ambalo sote tumelizoea. Sala ikiisha, kabla watu hawajaanza kukunja mikeka, mwenyekiti husimama na kutueleza kwamba mgonjwa wetu bado yuko hospitali, daktari ameagiza matibabu mengine, na familia imeelemewa. Daftari la michango huanza kuzunguka. Mwenye elfu mbili hutoa, mwenye elfu kumi hutoa, na asiye na kitu siku hiyo huandikwa jina kwa ahadi ya mwisho wa mwezi.

Huo ni upendo wa kweli nasi tunauheshimu. Lakini lipo swali moja ambalo si rahisi kuliuliza mbele ya watu wenye majonzi. Hiyo pesa tunayochanga inalipia kitu gani hasa? Nani kati yetu amewahi kuisoma bili ya mgonjwa mstari kwa mstari kabla ya kuilipa?

Mwezi huu tumeonelea tulizungumze swali hilo kwa kutumia mfano wa tiba moja ambayo wengi wenu mmeanza kuisikia. Picha zake husambaa kwenye simu zetu: mgonjwa amelala ndani ya bomba kubwa lenye kioo, na chini yake maneno ya kuahidi kwamba donda litapona, mguu hautakatwa, hata uzee utarudi nyuma. Hiyo ndiyo tiba ya oksijeni ya shinikizo, na bomba hilo huitwa chemba. Maoni yetu tunayatoa wazi tangu mwanzo. Tiba hii ni ya kweli na ina magonjwa yake, lakini hakuna mgonjwa anayepaswa kuingia chemba kabla hajaambiwa kwa maandishi inamtibu nini, mara ngapi, kwa shilingi ngapi, na lini itasimamishwa isipomsaidia. Na kwa mgonjwa wa kisukari, shilingi ya kwanza ya familia iende kwenye huduma ya mguu wenyewe, siyo kwenye chemba.

Chemba inafanya nini?

Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Ndani ya chemba mgonjwa huvuta oksijeni tupu, na shinikizo lake huongezwa hadi kufikia mara mbili au mbili na nusu ya lile la kawaida. Kwa njia hiyo mapafu yake hupata oksijeni zaidi ya mara kumi ya ile tuipatayo barazani kwetu. Oksijeni hiyo haibebwi na chembe nyekundu za damu peke yake, bali huyeyuka pia katika maji ya damu, ikafika mahali ambapo mishipa imebana au imeharibika. Kipindi kimoja huchukua kama saa moja na nusu hadi saa mbili, na mgonjwa wa donda huweza kuagizwa vipindi 30 hadi 40, siku tano za kila juma. Kumbukeni hesabu hiyo ya vipindi, maana ndiyo inayozaa bili.

Tiba hii ilizaliwa kwa ajili ya watu wa baharini. Anayezamia na mtungi wa hewa, kila akishuka mita 10 shinikizo huongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa ya juu, na gesi ya naitrojeni huyeyuka mwilini mwake. Akipanda juu kwa haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu makali ya viungo, ganzi, na wakati mwingine kupooza kabisa. Dawa yake ni oksijeni tangu njiani na chemba mapema iwezekanavyo. Wazazi wenye vijana wanaozamia, tafadhali msikubali kijana mgonjwa arudishwe majini ati akapone hukohuko. Wengine wamepoteza maisha kwa njia hiyo.

Hata katika bahari yetu tunaona jinsi malipo yanavyowagawa watu. Unguja, upande wa Matemwe, kumekuwa na chemba kwa ajili ya wapiga mbizi, na Mombasa chemba imekuwa katika kambi ya wanamaji wa Kenya, Mtongwe. Mtalii anayekuja kuangalia samaki kwa kawaida huja na bima ya wazamiaji mfukoni. Simu moja tu, naye anajua nani atalipa. Kijana wa pwani anayezama kwa mtungi kutafuta majongoo bahari hana bima hiyo. Bahari ni moja na mapovu ni yaleyale, lakini mmoja ana wa kumlipia na mwenzake anategemea daftari la michango.

Magonjwa yanayotambuliwa

Chama cha kimataifa cha madaktari wa tiba hii, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1967, kina orodha ya magonjwa ambayo chemba inakubalika kuyatibu. Ugonjwa wa wapiga mbizi umo. Imo sumu ya moshi wa mkaa, ile inayowapata watu waliolala na jiko chumbani huku madirisha yamefungwa. Imo aina ya donda ndugu linaloletwa na vijidudu vinavyotoa gesi ndani ya nyama, na usaha wa ndani ya mfupa usiosikia dawa. Yamo madhara ya baadaye ya mionzi kwa waliotibiwa saratani, na baadhi ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Tunasema baadhi, siyo vyote.

Mtu aliyezidiwa na moshi wa mkaa asicheleweshwe kwa kutafutiwa chemba. Mtoeni nje kwenye hewa safi na mfikisheni hospitali iliyo karibu, apewe oksijeni ya kawaida kwa barakoa bila kukawia. Hiyo huokoa wengi.

Katika orodha hiyo hamna usonji, hamna mtindio wa ubongo, hamna UKIMWI, hamna pumu wala uzee. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliwaonya wananchi wake kuhusu watu wanaotangaza chemba kwa maradhi yasiyothibitishwa. Tena chemba si mahali pa mchezo. Oksijeni nyingi hulisha moto. Tarehe 31 Januari 2025, mjini Troy katika jimbo la Michigan, mtoto wa miaka 5 alifariki chemba iliposhika moto naye akiwa ndani. Kuna hatari nyingine pia: masikio kuuma na hata kuumia, sukari kushuka ghafla kwa mgonjwa wa kisukari, degedege linalotokana na oksijeni kuzidi, na hatari kubwa kwa mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu. Kwa sababu hizo anayesimamia chemba hana budi kuwa daktari aliyesomea kazi hiyo, mwenye kumpima mgonjwa kwanza.

Mguu wa mgonjwa wa kisukari

Sasa tuje nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania walikuwa na kisukari. Katika jumuiya yenye watu wazima 50 hao ni wanne au watano, na huenda baadhi yao hawajijui. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguu hufa ganzi na mishipa ya damu hubana. Mtu hukanyaga msumari asijue, huungua kwa maji ya moto asijue, na ndala iliyombana humtoboa asijue.

Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye ameichunguza miguu ya wagonjwa wa kisukari wa mji huu kwa miaka mingi, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2005 habari za wagonjwa waliong'atwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Waliamka asubuhi wakakuta damu kwenye shuka. Panya alikuwa amewala, nao hawakusikia kitu. Msomaji wa Ulaya anaweza kushangaa, lakini sisi wa Tandika, Keko na Manzese tunawajua panya hao.

Chukua mfano wa mama mmoja wa Mbagala, mwenye kisukari cha miaka kumi, aliyepata kidonda chini ya dole gumba. Wiki ya kwanza anakipaka majivu ya dawa aliyopewa na jirani. Wiki ya tatu kinanuka. Mwezi wa pili anafika hospitali, na sasa neno la kukatwa mguu limeshatajwa. Hapo ndipo mtoto wake anapoletewa picha ya chemba kwenye simu. Familia inaanza kuzungumzia kuuza kile kiwanja cha Chanika. Je, tuwalaumu? Hapana. Mtu akiambiwa mguu wa mama yake unakatwa, huuza chochote alicho nacho. Lakini kwa kuwa wako tayari kuuza chochote, wanaowahudumia wana wajibu wa kuwaambia ukweli wote.

Ukweli wenyewe ni upi?

Nchini Sweden madaktari waliwafuatilia wagonjwa 94 wenye vidonda sugu vya kisukari na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Baada ya mwaka mmoja, kidonda kilikuwa kimepona kwa asilimia 52 ya waliopata oksijeni ya shinikizo, na kwa asilimia 29 ya walioingizwa chemba yenye hewa ya kawaida. Hiyo ni habari njema. Lakini mwaka 2016 madaktari wa Kanada hawakuona faida kama hiyo. Na mwaka 2018 Waholanzi, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 120 waliokuwa na vidonda pamoja na mishipa ya damu iliyobana, hawakuthibitisha kwamba chemba iliongeza kupona wala kuokoa miguu. Wagonjwa wengi hata hawakuweza kumaliza vipindi vyote.

Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari uliotolewa mwaka 2023 unasema jambo la kiasi. Chemba inaweza kufikiriwa, kama nyongeza, kwa kidonda chenye upungufu wa damu ambacho huduma bora ya kawaida imeshindwa, na mahali ambapo vifaa na uwezo tayari vipo. Soma tena maneno hayo: nyongeza, na baada ya huduma bora ya kawaida kushindwa.

Huduma bora ya kawaida ni ipi? Ni kuondoa nyama iliyokufa kwa mkono wa mtaalamu. Ni kuupumzisha mguu usikanyagwe, kwa kiatu maalumu au plasta. Ni kutibu usaha kwa dawa sahihi, kupima kama damu inafika mguuni, kushusha sukari, na kubadilisha bandeji kwa wakati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari na wauguzi wa hospitali mbalimbali nchini walifundishwa kazi hiyo kupitia mradi uliojulikana kwa maana ya hatua kwa hatua. Haikuwa kazi ya mashine kubwa. Ilikuwa kazi ya kisu safi, macho yenye kuona na muuguzi mwenye subira. Mgonjwa ambaye hajapata hayo, kisha akaingizwa chemba mara 40, ni sawa na mtu anayepaka rangi nyumba ambayo paa lake linavuja.

Wenzetu walijifunza kwa gharama

Huenda mkadhani kwamba tatizo la bili za chemba ni la nchi maskini. La hasha. Marekani wana mfuko wa serikali unaolipia matibabu ya wazee, uitwao Medicare. Mwaka 2000 mkaguzi mkuu wa wizara yao ya afya alitoa ripoti kuhusu malipo ya tiba hii, akakuta kwamba zaidi ya dola milioni 14 zililipwa kimakosa: kwa magonjwa yasiyostahili, au kwa maandishi yasiyotosha kuonyesha kwamba mgonjwa aliihitaji tiba.

Walifanya nini? Tangu mwaka 2003 mfuko huo uliweka masharti kwa vidonda vya miguu vya kisukari. Kidonda kiwe kimefika ndani, kwenye mfupa au usaha wa ndani, au kimeanza kuoza. Mgonjwa awe amepata huduma bora ya kawaida kwa siku 30 bila dalili ya kupona. Na akishaanza chemba, kidonda kipimwe angalau kila baada ya siku 30. Kipindi hicho kikipita bila dalili inayopimika ya kupona, mfuko hauendelei kulipa. Kuanzia 2015 hadi 2018, katika majimbo ya Illinois, Michigan na New Jersey, walijaribu pia utaratibu wa kuomba kibali cha malipo kabla ya tiba isiyo ya dharura kuanza.

Bili yenyewe nayo imegawanywa. Muda wa chemba huhesabiwa kwa vipande vya dakika 30, na kazi ya daktari anayesimamia huandikwa peke yake. Mgonjwa akikaa saa mbili, vipande ni vinne. Muuguzi anaandika saa ya kuingia na saa ya kutoka, maana dakika hizo ni fedha za watu.

Hatusemi kwamba tuige kila kitu cha Wamarekani. Huduma yao ni ghali kupita kiasi, nao wana maskini wao wanaoteseka. Lakini katika hili walifika mahali ambapo sisi tunaweza kuanzia bila kupoteza fedha kwanza: bili ifuate kidonda, na kidonda kisipopungua bili isimame.

Hapa kwetu bili ilitoka wapi?

Wazee wanakumbuka. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia matibabu binafsi ya biashara, na hospitali za serikali zilitibu bila malipo, ingawa mara nyingi dawa hazikuwapo. Mwaka 1991 mlango wa hospitali binafsi ulifunguliwa tena. Julai 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Hivyo katika maisha ya mtu mmoja tumetoka kwenye matibabu bila bili, tukaingia kwenye bili bila bima, na sasa tunaelekea kwenye bima kwa kila mtu.

Safari hiyo ina mikwaruzo yake. Tarehe 1 Machi 2024 kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi kwa sababu hazikuridhika na bei zilizopangwa. Hospitali zilisema bei ni ndogo kuliko gharama. Mfuko ulitetea bei zake. Kila upande ulikuwa na hesabu zake za kuonyesha. Aliyekuwa hana hesabu yoyote mkononi ni mgonjwa, aliyefika dirishani na kadi aliyokuwa ameikatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Tunajua pia kwamba watoa huduma hawana maisha mepesi. Oksijeni haitoki bure, umeme haulipwi kwa shukrani, na daktari aliyesoma miaka mingi anastahili ujira wake. Hospitali za Kanisa zenyewe zinalijua hilo. Bei ya haki si dhambi. Tunalolipinga ni bei ya gizani.

Tunachoomba

Kwa ndugu zetu madaktari na wenye vituo wanaofikiria kuleta chemba katika mji huu, au wanaoitoa huduma hiyo tayari, tunawaomba mambo matatu. La kwanza, bandikeni ukutani, kwa Kiswahili, magonjwa mnayoyatibu na bei ya kipindi kimoja. La pili, mpeni mgonjwa karatasi ya makadirio kabla ya kuanza, ikitenganisha malipo ya chemba, ya daktari, ya dawa na ya bandeji. La tatu, pimeni kidonda kwa rula na kwa picha siku ya kwanza, na tena baada ya muda mliokubaliana, na muwe tayari kumwambia mgonjwa asiyepata nafuu kwamba asiendelee kulipa. Daktari anayeweza kusema maneno hayo ndiye tutakayemtuma ndugu yetu kwake.

Kwa mifuko ya bima tunasema: anzeni na mguu. Lipieni vizuri usafishaji wa kidonda, kiatu cha kupumzisha mguu na bandeji, hata kama ni vitu vidogo visivyo na picha nzuri ya gazetini. Mkifika kwenye chemba, wekeni masharti yanayoeleweka, yaandikwe kwa lugha ambayo mwanachama anaweza kuisoma mwenyewe.

Kwa jumuiya zetu, tunapendekeza kwamba kabla daftari la michango halijazunguka, watu wawili wateuliwe waende na familia hospitalini wakaombe maelezo ya bili. Si kwa kumshuku mtu, bali kwa kuwa mfiwa mtarajiwa hana nguvu za kuuliza. Mwanajumuiya muuguzi au mwalimu anafaa sana kwa kazi hiyo. Maswali ya kuuliza ni haya, mnaweza kuyakata na kuyahifadhi:

1. Ugonjwa anaotibiwa unaitwaje, na je, chemba inatambuliwa kuutibu?

2. Kidonda kimepata huduma gani ya kawaida mpaka sasa, na kwa siku ngapi?

3. Je, damu inafika mguuni? Imepimwa lini?

4. Vipindi ni vingapi, na kila kimoja ni shilingi ngapi kwa jumla?

5. Bima inalipa kiasi gani, na jibu hilo limeandikwa na nani?

6. Mtapima nafuu lini, na isipoonekana tutasimama lini?

7. Anayesimamia chemba amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na je, kifaa chenyewe kinatambuliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba?

Swali la nne lisidharauliwe. Tuseme, kwa mfano tu, kipindi kimoja ni shilingi 150,000. Masikioni mwa mwenye dhiki hiyo inasikika kama fedha inayopatikana. Lakini vipindi 30 ni shilingi 4,500,000, na vipindi 40 ni shilingi 6,000,000, bila nauli ya kwenda na kurudi kila siku na mgonjwa asiyeweza kukanyaga. Familia nyingi huanza kwa kuangalia kipindi kimoja, zikaishiwa njiani kwenye cha kumi na mbili, zikabaki hazina tiba wala akiba.

Asiye na uwezo kabisa asijifiche kwa aibu. Katika hospitali za serikali yuko afisa ustawi wa jamii, na sera ya msamaha imewataja wazee wasiojiweza na wagonjwa wa maradhi ya kudumu. Tunajua si kila dirisha hulikumbuka jambo hilo. Ndiyo maana tunasema nendeni wawili. Na kwa yule ambaye mguu umekwisha kukatwa, maisha hayajaisha. Hospitali ya CCBRT kule Msasani hutengeneza miguu ya bandia, na mtu akaweza kusimama tena na kufanya kazi zake.

Jioni ya leo

Tumeandika mengi kuhusu chemba, lakini tungependa msomaji amalize ukurasa huu akiwa na jambo la kufanya kabla ya kulala. Kama nyumbani mwako yumo mwenye kisukari, mwombe akuonyeshe miguu yake jioni hii. Angalia nyayo, katikati ya vidole na kisigino. Yeye huenda haoni vizuri, wala hawezi kuinama. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako wewe, umkaushe vizuri, umpake mafuta lakini siyo katikati ya vidole. Kung'uta viatu vyake kabla hajavivaa. Funika chakula, ziba tundu la panya, na mlaze na soksi safi ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

Ukiona jeraha, hata likiwa dogo kama punje ya mchele, hata kama haliumi, usingoje Jumapili. Mpeleke kesho asubuhi kwenye zahanati, au kliniki ya kisukari ya hospitali ya Temeke au Mwananyamala, kwa kutegemea mnakoishi. Msiende na majivu wala dawa ya meno kwenye kidonda. Nendeni na daftari lake la kliniki, na kalamu ya kuandikia mtakayoambiwa.